Uzamili wa Sayansi za Bahari Zanzibar: kozi au tasnifu tupu, na eneo lipi linamalizika ndani ya miaka 2?

Nyasi_Bahari

Habari za saa hizi wakuu.

Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, GPA 3.4. Ni ofisa uvuvi katika halmashauri moja ya pwani ya bara. Nataka kuomba uzamili wa Sayansi za Bahari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Mwajiri anatoa ruhusa ya miaka 2 na haongezi hata mwezi.

Naomba wenye uelewa wanisaidie haya. Kwanza, nisome kwa kozi na tasnifu, au kwa tasnifu tupu? Pili, kati ya mwani, mikoko na kaboni, matumbawe, uvuvi mdogo na fizikia ya bahari, lipi linaingia kwenye miaka 2 bila kubanana? Tatu, hiyo 3.4 itanifungia njia ya uzamivu au ualimu wa chuo? Nne, vibali vinaanzia wapi?

Naomba hesabu na utaratibu, maana uamuzi natakiwa kuufanya kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

---

Tasnifu_Kwanza

Mkuu, nianze na GPA kwa sababu ndiyo fupi.

Sakafu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa kuingia uzamili ni 2.7, kwa hiyo kuingia unaingia. 3.4 ni ncha ya juu ya daraja la pili la chini. La juu linaanzia 3.5. Ualimu wa vyuo vya umma ni habari nyingine: wanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, na ile ya kwanza huwezi tena kuibadilisha. Usisome uzamili huu ukiwa na matumaini ya kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi. Uzamivu haujafungwa. Huko wanaangalia uzamili wako, andiko lako la utafiti, na kama yupo msimamizi anayekubali kukubeba.

Sasa kozi au tasnifu. Kwa mfumo wa TCU uzamili ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hiyo ni saa 1,800, sawa na wiki 45 za saa 40. Ukiitazama hesabu hiyo, miaka 2 inatosha na kubaki. Watu hawachelewi kwa sababu ya kusoma. Wanachelewa kwa kusubiri: kusubiri andiko lipite kwenye idara, kisha kamati ya kitivo, kibali, zamu ya mashine ya maabara, msimu, na mwisho watahini. Kwa hiyo kila uamuzi unaoufanya hapa uupime kwa swali moja: unaongeza kusubiri au unapunguza?

Njia ya kozi na tasnifu ina mihula 2 ya darasani kabla ya utafiti kushika kasi. Faida yake ni takwimu na mbinu za utafiti, ambazo wengi wa shahada ya kwanza huja nazo nusunusu, na unatoka na GPA. Kumbuka kwenye uzamili C si ya kufaulu. B ndiyo mstari.

Njia ya tasnifu tupu inakutaka uje na swali tayari na msimamizi aliyekwisha kukubali kabla hujaomba. Haina madarasa ya kukuchelewesha, lakini kwa kawaida haitoi GPA, na andiko likikataliwa miezi inateketea huna cha kuonyesha. Inamfaa mwenye data mkononi. Wewe ni ofisa uvuvi, huenda unazo. Ukiwa huzijui takwimu vizuri, chukua kozi.

---

Kamba_na_Kigingi

Kwenye mwani nitaongea kwa urefu, maana ndiko wanafunzi wengi hukimbilia wakidhani ni kazi nyepesi ya kufunga kamba na kupima.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina ni mbili: spinosum, ambayo ni Eucheuma denticulatum, na cottonii, ambayo ni Kappaphycus alvarezii. Cottonii ina bei nzuri zaidi kwa sababu ya aina ya karajinani (jeli ya mwani inayouzwa viwandani) inayotoa, na ndiyo hiyo hiyo inayokufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Spinosum inavumilia, ndiyo maana leo imejaa kila shamba. Ukiandika andiko la "kulinganisha ukuaji wa mwani kijiji A na kijiji B" msimamizi atalirudisha, na atakuwa sahihi. Swali hilo limeshajibiwa mara nyingi. Kazi za Dkt. Flower Msuya, ambaye ametumikia taasisi hiyo hiyo, uzisome kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza.

Kilichobaki wazi ni haya: cottonii inawezaje kurudi kwa kuhamia maji ya kina zaidi, ugonjwa wa matawi kuwa meupe na kukatika unaanzishwa na nini hasa, joto, chumvi kushuka wakati wa masika, au vyote kwa pamoja, na mbegu za asili za Afrika Mashariki, ambazo uchunguzi wa vinasaba umeonyesha zipo, zina ustahimilivu gani.

Ukichagua mojawapo, jaribio la shambani linakwenda hivi. Vipande vya gramu 100 vinafungwa kila baada ya sentimita 20, kamba ikiwa imewambwa kati ya vigingi 2. Chagua mahali ambapo hata kwenye bamvua (siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) la maji kupwa sana panabaki na maji ya kufunika mwani. Ukianikwa juani saa moja tu umeshabadilisha jaribio. Unapima wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Usivune kabla ya wiki 6, jeli yake inakuwa dhaifu na vipimo vya karajinani havitalingana na vya wenzako. Kabla ya kupima uzito, tikisa na uache uchuruzike kwa muda uleule kila mara, sema dakika 2 kwa saa ya mkononi. Maji yaliyonata kwenye matawi yanaweza kuzidi tofauti unayoitafuta.

Ukuaji wa siku ni logi asilia ya uzito wa mwisho ukigawanya kwa uzito wa mwanzo, gawanya kwa siku, zidisha kwa 100. Gramu 100 zikifika 400 kwa siku 42 ni asilimia 3.3 kwa siku.

Makosa mawili huua tasnifu za mwani. La kwanza ni kuhesabu kila fundo, yaani kila kipande kilichofungwa, kama rudio (kipimo kinachojitegemea). Mafundo 60 kwenye kamba 3 si marudio 60, ni marudio 3, kwa sababu mafundo ya kamba moja yanashiriki mkondo, kina na samaki walewale. Kizio ni kamba. Panga kamba 6 au 8 kwa kila hali unayoilinganisha, na ufunge mafundo machache kwenye kila moja. Mtahini wa nje akiliona hili sura nzima ya matokeo inarudi nyuma.

La pili ni kupima waliobaki tu. Samaki aina ya tasi wanakula mwani, mawimbi yanakata, na vipande dhaifu ndivyo vinavyotangulia kung'oka. Ukiacha kuandika vilivyopotea, wastani wako unapanda bila sababu. Andika idadi ya vilivyofungwa na vilivyopatikana kila bamvua, na uchambue upotevu peke yake.

Kipimajoto cha kujirekodi kiwekwe usawa wa kamba, kirekodi kila dakika 30, na ukisafishe kila bamvua kabla viumbe hawajakifunika. Joto la kituo cha hali ya hewa halitakusaidia: maji ya wangwani (sehemu ya ufuko inayobaki wazi maji yakipwa) mchana wa jua ni dunia nyingine kabisa.

---

Mchu

Mikoko na kaboni ni eneo zuri kwa mtu wa miaka 2, kwa sababu moja ambayo haisemwi sana: udongo hauna msimu. Ukikosa Agosti unachimba Oktoba na jibu halibadiliki. Mwani na samaki hawakupi nafasi hiyo.

Lina mitego yake lakini. Chimba hadi mita 1 kwa bomba la kuchukulia udongo, gawanya sentimita 0–15, 15–30, 30–50 na 50–100, na katikati ya kila kipande kata sentimita 5. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike. Siku 2 ndiyo mwanzo, udongo wa mfinyanzi huomba zaidi. Uzito mkavu ukigawanya kwa ujazo wa awali unakupa msongamano. Zidisha kwa asilimia ya kaboni na kina. Mfano: gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, kaboni asilimia 4, kina sentimita 50, unapata tani 120 kwa hekta. Ukiona tarakimu yako iko mbali mno na za wengine, rudi kwenye ujazo kwanza. Bomba likisukumwa kwa nguvu hukandamiza udongo, mita 1 ya shimo inatoka sentimita 80 za sampuli, na usipopima kina cha shimo ndani na nje ya bomba huwezi kusahihisha baadaye.

Asilimia ya kaboni wengi huipata kwa kuchoma kwenye tanuri nyuzi 450 kwa saa 4 hadi 8. Ni rahisi, ila inayopotea siyo kaboni, ni mata ogania yote, na udongo wa mfinyanzi hupoteza pia maji yaliyofungwa ndani yake. Chukua sampuli 20 hadi 30 kati ya zote, zipeleke kwenye mashine inayopima kaboni moja kwa moja, uchore mstari wako wa kubadilisha mata ogania kuwa kaboni. Usikope mstari wa Florida uje kuutumia Chwaka, Unguja. Na Unguja kuna mchanga wa matumbawe: dondoshea tone la asidi ya haidrokloriki, ikichemka, kuna kaboneti, nayo lazima uiondoe kwa asidi kabla ya mashine, la sivyo unahesabu chokaa kama kaboni ya mkoko.

Juu ya ardhi, aina za mikoko kama mchu na mkandaa hupimwa kipenyo kwa urefu wa mita 1.3. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Anayepima 1.3 kila mti anapima mizizi.

Mahali pa kulinganisha hapakosekani. Gazi, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu 2013, na delta ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Tanzania. Mikoko ya bara iko chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), kwa hiyo barua ya chuo peke yake haitoshi kuingia na bomba.

---

Kipimo_cha_Setilaiti

Fizikia ya bahari kwa data za setilaiti ndiyo njia isiyosubiri mtu. Joto la uso wa bahari lipo bure tangu 1981, klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya bahari) ya kihisi cha setilaiti MODIS Aqua tangu 2002. Ukijua lugha za kompyuta za R au Python na faili za data za NetCDF, sura ya data unaimaliza ukiwa mezani.

Shida ziko pwani. Pikseli ya kilomita 4 karibu na ufuko inachanganya maji na nchi kavu. Masika mawingu yanafuta wiki nzima. Maji ya kina kifupi kama Ghuba ya Chwaka, chini kunaonekana, na setilaiti inasoma nyasi bahari na mchanga kama klorofili. Namba zinapanda na hazina maana. Tupa pikseli zote zenye kina cha chini ya mita 20 au 30, ueleze kwa nini. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa kasi wakati wa upepo wa kusi na polepole wakati wa upepo wa kaskazi, hivyo usichanganye miezi ya misimu hiyo miwili kwenye wastani mmoja.

Matumbawe nayo yanaingia hapa. Kipimo cha wiki za joto (joto lililozidi kiwango, likijumlishwa wiki kwa wiki) cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, kinasema 4 ni dalili ya matumbawe kupauka, 8 ni kupauka kukali na vifo. Kulinganisha kipimo hicho na kumbukumbu za kupauka kwa 1998 na 2016 ni kazi ya uzamili inayotosha bila kuzamia.

---

Mchu

Niongeze tu kwenye matumbawe: ukikata kipande cha tumbawe gumu kwa ajili ya maabara ya nje, yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Unahitaji kibali cha kutoa nje, na Umoja wa Ulaya unadai pia kibali cha kuingiza. Ruhusa ya miaka 2 isiyoongezeka usiitie kwenye njia hiyo.

---

Nyasi_Bahari

Nashukuruni sana. Nimeelewa kuhusu kusubiri. Halmashauri ina daftari za mavuno ya mialo (sehemu za kushushia samaki) kadhaa kwa miaka mingi, nyingine zimeingizwa kwenye kompyuta. Mawazo yangu yalikuwa biolojia ya tasi kwenye madema (mitego ya kusuka), kupima urefu na kupevuka mwaka mzima. Sasa naona huenda daftari ndizo njia fupi. Zinatosha kwa tasnifu?

---

Dema_la_Pwani

Ndugu yangu, biolojia ya tasi iache. Kupevuka kwa samaki kunafuata msimu, kwa hiyo ni miezi 12 kamili, usipungukiwe hata mmoja. Kozi zinakula miezi 9 au 10. Jumla 22. Miezi 2 haitoshi kuchambua, kuandika, na kusubiri watahini. Kwa tasnifu tupu ingewezekana kwa shida.

Daftari zinafaa, lakini si kama zilivyo. Haya ndiyo utakayokuta ukizifungua.

Juhudi haijaandikwa. Kuna kilo, hakuna saa baharini, hakuna idadi ya watu wala madema. Kilo bila juhudi haziwezi kukuambia kama samaki wamepungua au wavuvi ndio wamepungua. Angalia kama kuna angalau idadi ya vyombo kwa siku; ikiwepo unaweza kusogea.

Siku za kukosa hazipo. Chombo kilichorudi kitupu hakikuandikwa, kwa hiyo mavuno kwa chombo yanaonekana makubwa kuliko ukweli, na kosa hili hukua kadiri samaki wanavyopungua. Ni hatari, kwa sababu linaficha hicho hasa unachokitafuta.

Majina ni ya makundi. "Changu" kwenye daftari ni spishi nyingi. "Mchanganyiko" ndiyo mbaya zaidi. Fanya uchambuzi kwenye makundi ambayo jina moja ni karibu spishi moja. Tasi wa madema, kwa mfano, wengi ni Siganus sutor, hapo uko salama zaidi. Pweza vilevile.

Na siku za kuandika zinafuata upatikanaji wa mwandishi, si kalenda ya bahari. Zipange upya kwa bamvua na maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana), uone kama upande mmoja umejaa na mwingine mtupu. Zana nyingi hubadilisha mavuno kwa mwezi mwandamo, na daftari lililoandikwa zaidi kwenye bamvua litakupa mwelekeo usiokuwepo.

Dawa yake ni kazi ya uhakiki ya miezi 4. Siku 8 kwa mwezi, 4 za bamvua na 4 za maji mafu, kaa mwaloni tangu chombo cha kwanza hadi cha mwisho. Andika vyombo vyote vikiwemo vitupu, saa za kutoka na kurudi, zana, idadi ya watu, uzito kwa mizani. Siku hizo hizo mwandishi wa kawaida aandike daftari lake bila kujua unalinganisha nini. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kipimo chako cha kosa, na ndiyo mchango mpya wa tasnifu. Hapo unaweza kurudi nyuma kwenye miaka ya nyuma na kusema kwa ushahidi daftari linaaminika kwa nini na halifai kwa nini. Halmashauri yako itaitumia kazi hiyo siku unayorudi kazini.

Jambo moja zito. Wewe ni ofisa uvuvi. Mvuvi mwenye wavu usioruhusiwa, au pweza wa chini ya gramu 500, hatakuonyesha. Atashukia pengine, au usiku. Chukua mialo ya wilaya nyingine, au wasaidizi wa utafiti wasio watumishi wa serikali, na uliseme wazi kwenye andiko. Usipolisema, mtahini atalisema.

---

Shakwe_Kisite

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Nakubaliana na hapo juu, ila naomba nitetee kazi ya shambani kidogo. Pweza wa miambani, Octopus cyanea, hukua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo kufunga mwamba (kuzuia uvuvi hapo) miezi 3 na kuufungua ni jaribio linalokamilika ndani ya muda wa uzamili. Vijiji kadhaa vya pwani yetu vimefanya hivyo.

Sharti ni kuwe na mwamba mwingine ambao haukufungwa, uupime kabla na baada kama ule uliofungwa. Halafu usidanganywe na siku ya kufungua. Siku hiyo kila mtu anakuja, kilo ni nyingi ajabu, picha zinapigwa. Pima kilo kwa kila saa ya kazi ya mvuvi mmoja, uendelee angalau mwezi mzima baada ya kufungua. Mara nyingine faida yote huisha kwenye bamvua la kwanza, na hilo nalo ni tokeo la kuandikwa.

Kwa wasomaji wa upande wetu: utafiti wowote Kenya unataka leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), mwanafunzi pia, na ukiingia hifadhi kama Kisite unazungumza na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Anayetaka kufanya kazi pande zote mbili za mpaka, Vanga na Jasini, ahesabu vibali vya nchi mbili, na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania) kwa asiye Mtanzania.

---

Tasnifu_Kwanza

Kwa vibali vya mtoa mada basi. Mtanzania anayesoma chuo cha umma huanza na barua ya utafiti inayotolewa na chuo kwa niaba ya serikali. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, hadi mtendaji wa kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za mwalo). Kila ngazi inabaki na nakala na inatoa barua yake. Peleka mwenyewe kwa mkono, ofisi hadi ofisi. Barua inayosafiri peke yake inakaa. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali tofauti na wa bara, na mwisho unaishia kwa sheha. Mafia, Mnazi Bay na Tanga, ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, ongeza kibali cha Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Daftari za halmashauri ni mali ya halmashauri: pata barua ya mkurugenzi inayokuruhusu kuzitumia na kuzichapisha, hata kama wewe ndiye unayezitunza kabatini.

Kalenda sasa. Tuseme masomo yanaanza Oktoba. Muhula wa kwanza andika andiko, usingoje wa pili. Lipite kwenye idara kabla ya Mei. Juni na Julai ni za barua. Agosti hadi Novemba uhakiki wa mwaloni, unapata mwisho wa kusi na mwanzo wa kaskazi. Desemba hadi Februari uchambuzi. Machi rasimu nzima ifike kwa msimamizi, na mwezi huohuo upeleke taarifa ya nia ya kuwasilisha, maana kwa kawaida hutakiwa miezi 3 kabla. Juni unawasilisha. Inabaki Julai, Agosti na Septemba kwa watahini na marekebisho. Inatosha, lakini haina mto wa kulalia. Ukichelewesha andiko hadi Agosti, uhakiki unaangukia Desemba hadi Machi, kaskazi peke yake, na swali la misimu linakufa.

Kwa anayefikiria wangwani, mwani au pweza, aongeze hesabu hii. Bamvua ni mawili kwa kila mwezi mwandamo, na kila moja lina siku 4 hivi za maji kupwa ya kutosha. Unguja maji ya bamvua hupwa mwisho kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na una takriban saa 3 za kufanya kazi kabla hayajarudi. Miezi 4 ni bamvua 8, siku 32, saa 96. Toa mvua na upepo. Andiko linalohitaji saa 150 za wangwani ndani ya miezi 4 halitekelezeki, hata liwe zuri namna gani.

---

Nyasi_Bahari

Nimeamua kozi na tasnifu, uhakiki wa daftari, mialo ya wilaya jirani. La mwisho: nikimwandikia msimamizi mtarajiwa nimwambie nini? Na fedha za shambani?

---

Dema_la_Pwani

Ukurasa mmoja, usizidi. Soma kwanza makala zake 2 za karibuni, ujue anashika uvuvi kweli na si mwani. Kisha: swali kwa sentensi moja, mialo mingapi na ya wapi, daftari zinaanza mwaka gani, zina safu zipi, na miezi mingapi imekosekana, uhakiki utafanyika miezi ipi, ruhusa yako inaisha lini. Ambatisha jedwali dogo la mwaka mmoja wa daftari kama lilivyo, na mapengo yake. Msimamizi akiona mapengo umeyaonyesha mwenyewe atakuamini kuliko akiona maneno matamu. Usiambatishe andiko la kurasa 20 ambalo hakuliomba. Muulize pia, kwa adabu, ana wanafunzi wangapi kwa sasa na kama atakuwa na likizo ya kitaaluma mwaka wa pili wako.

Fedha: WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi, ambayo makao yake yako Zanzibar, ina ruzuku ndogo za utafiti za MARG zinazowafaa wanafunzi wa ukanda huu. Fuatilia matangazo yao, na uwe na bajeti tayari kabla tangazo halijatoka. Bajeti ya kazi yako ni nyepesi: posho za wasaidizi kwa siku 32, nauli, mizani 2 za kuning'iniza za kilo 25 na moja ndogo ya kilo 5, ubao wa kupimia urefu, madaftari yasiyoloa. Mizani zihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya siku ya kwanza na tena baada ya mwezi wa pili, kwa sababu springi ya mizani ya mwaloni huharibika kwa chumvi na kuanza kusoma vibaya polepole, na ukigundua Novemba huwezi kujua ilianza lini.